Kisanduku Kisicho na Mshale

Ofisini walimwita Marsela Mama Mishale, na hawakumwita hivyo kwa kumpenda. Alikuwa karani wa mashauri katika shirika moja la usuluhishi lililopanga nyumba ya vyumba vinne pale Makanyagio, mjini Mpanda. Wakulima na wafugaji wa mkoa mzima walileta hapo malalamiko yao ya mashamba, ya maji na ya njia za mifugo, na kazi ya shirika ilikuwa kuwakutanisha kabla hawajashikiana mapanga. Mishale ilikuwa ile inayounganisha hatua za shauri kwenye kompyuta. Marsela ndiye pekee aliyejua kuichora, na mtu anayejua kitu ambacho bosi wake hakijui hupewa jina haraka.

Alikuwa na miaka thelathini na sita, mwembamba, mwenye sauti kavu. Alizaliwa Mpimbwe, upande wa Majimoto, kwenye familia ya wakulima wa mpunga, Wakatoliki tangu enzi za babu yake. Alipokuwa kidato cha tatu, ng'ombe wa wahamiaji kutoka kaskazini waliingia kwenye jaruba za mama yake asubuhi moja wakati watu wako kanisani, wakamaliza mpunga uliobakiza wiki mbili kuvunwa. Hakuna aliyeitwa kuulizwa. Mwaka ule mama yake alipika mihogo kuanzia Juni mpaka Februari. Tangu hapo Marsela akisikia kengele ya ng'ombe shingo ilimkakamaa, na hakuona sababu ya kulificha hilo.

Baada ya kidato cha nne alikaa miaka kumi na moja kwenye stationery karibu na stendi, akichapa barua za watu na kutoa fotokopi za vyeti. Hakuwa na diploma yoyote. Kompyuta aliijua kwa vidole, kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kisimani. Shirika lilipomchukua, wenzake wenye vyeti walikuwa wameshaamua amepita mlango wa nyuma.

Mfumo mpya uliletwa na makao makuu ya Dodoma miaka miwili iliyopita. Kabla ya hapo majalada yalihama kutoka meza moja hadi nyingine kwa mkono, na yaliyopotea yalipotea. Sasa mwakilishi wa kijijini aliandikisha shauri kwa simu, nalo likatembea lenyewe: linapokelewa, linahakikiwa, linapangiwa kikao, linasikilizwa, linafungwa. Kila hatua ilikuwa kisanduku kidogo, na kutoka kila kisanduku mshale ulielekea kinachofuata. Ramani hiyo yote ilichorwa kwenye ukurasa mmoja mkubwa ulioitwa uwanja wa kusanifu.

Mfundishaji alitoka Dar es Salaam, kijana aitwaye Maiko, akapewa siku mbili.

"Kushoto kuna vitu vyenu," alisema huku akirusha kishale ukutani kwa mwanga wa projekta. "Fomu, hatua, kanuni. Unakishika kitu, unakiburuta, unakiachia katikati, huo ndio uwanja. Kulia ni sifa zake: jina lake, nani anakiona, kinapeleka wapi. Tuko pamoja?"

Watu kumi na wawili wakaitikia kwamba wako pamoja.

"Mimi siko pamoja," alisema Marsela. "Rudia pale ulipoingia ndani ya kile kisanduku."

Hezron, mratibu wa ofisi, alicheka. Alikuwa mtu wa Sumbawanga, mnene wa shingo, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka yakasimama. "Mwalimu, usipoteze muda. Huyo ni wa stationery. Mwache akatoe fotokopi."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Maiko hakurudia.

Marsela alinunua daftari kubwa la mistari akaanza peke yake. Mchana, wenzake wakienda kula, yeye alibaki na chapati yake mbele ya skrini. Aligundua kwamba ukibofya kisanduku mara moja, sifa zake hufunguka kulia, lakini ukibofya mara mbili unazama ndani yake, kwa sababu visanduku vingine vilibeba ramani nyingine tumboni. Siku ya kwanza alizama hivyo bila kujua, akaona uwanja mweupe mtupu, akadhani amefuta kazi ya ofisi nzima. Jasho lilimtoka mpaka likalowesha daftari. Ndipo akaona kwamba juu ya ukurasa kuna mstari mwembamba unaotaja majina ya visanduku ulivyopita ili kufika pale ulipo. Akabofya jina la kwanza, ramani yote ikarudi. Akaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: UKIPOTEA TAZAMA JUU.

Baada ya miezi mitatu Mpanda nzima hakukuwa na mwingine aliyeweza kuongeza swali kwenye fomu bila kupiga simu Dodoma. Hezron hakuweza kufanya kazi bila yeye, na jambo hilo lilimchukiza kila asubuhi.

"Mama Mishale, njoo unirekebishie," alikuwa akiita kutoka chumbani kwake, na akimaliza kurekebishiwa hasemi asante.

Basi palikuwa na mwanamke mmoja, Nyanzala, Msukuma wa makamo, mrefu, mwenye kutembea kama mtu anayejua anakokwenda hata akiingia pahala pageni. Alikuwa akija kila baada ya wiki mbili kwa basi la kutoka Majimoto, safari ya kupita katikati ya hifadhi na kushushwa stendi akiwa mwekundu wa vumbi. Alikuwa na karatasi yenye namba ya shauri, 0417, aliyoikunja mpaka ikakatika kwenye mikunjo, akaiunga kwa gundi ya karatasi.

Marsela aliingiza namba hiyo, na kila mara skrini ilijibu neno moja.

"Linashughulikiwa," alimwambia.

"Mwezi wa tatu ulisema linashughulikiwa. Na wa nne. Na wa sita."

"Ndivyo linavyosoma, mama. Mimi siwezi kulisomea jibu jingine."

"Linashughulikiwa na nani?"

"Na mfumo."

Kusema kweli, Marsela hakuhangaika. Alipomwona yule mama akiingia na kanga zake za safari, kitu fulani ndani yake kilijisikia vizuri kumrudisha. Mama yake mwenyewe hakuwahi kupewa hata namba.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi, jua la Mpanda likiwa limechemka kabla mvua haijaamua kuja, Nyanzala aliingia saa tano asubuhi, akaweka karatasi yake kaunta, akasikia jibu lilelile. Hakuondoka. Watu sita walikuwa kwenye benchi nyuma yake.

"Binti," alisema, "wewe ni mtu wa Mpimbwe?"

"Hilo halihusiani na shauri lako."

"Linahusiana. Yule Ezekia wa Kabungu alileta shauri la shamba lake baada yangu, limesikilizwa, limekwisha. Kuna mwingine wa Kibaoni, limekwisha. Nimeuliza wenzangu wenye ng'ombe: Malale halijasikilizwa. Manyanda halijasikilizwa. Doto, mama mjane, halijasikilizwa. Nyie mna dawa gani humo ndani ya hiyo kompyuta inayojua majina ya kwetu?"

"Kompyuta haijui kabila la mtu."

"Basi unajua wewe. Wewe ndiye unayechagua."

Marsela angeambiwa ni mkali angekubali, na mwenye majivuno vilevile. Lakini kuambiwa kazi yake ni chafu, kazi aliyoijua kisanduku kwa kisanduku, tena mbele ya watu, tena na mwenye ng'ombe!

"Kaa hapo kwenye benchi," alisema. "Kaa nikuonyeshe."

Akafungua uwanja wa kusanifu. Tangu mwezi wa tatu Hezron alikuwa amemkataza kugusa ramani kuu, akisema Dodoma wanataka itulie, basi kwa miezi saba Marsela alikuwa akiingia moja kwa moja kwenye fomu za vijijini bila kupita kwenye ramani yote. Sasa alibofya kitufe cha kuonyesha kila kitu kwenye skrini moja, akitegemea kuona hatua zake tano zimekaa katikati, kubwa, zinazosomeka.

Ramani ikasinyaa. Visanduku vyake vitano vilijikusanya kwenye kona ya juu kushoto, vidogo kama punje za mchele, na skrini iliyobaki yote ilikuwa nyeupe.

Alidhani ni hitilafu. Akabofya tena. Ikasinyaa vilevile. Akakaa akiitazama, ndipo akili ikamwambia jambo ambalo Maiko hakufundisha: kitufe kile hurudi nyuma mpaka kila kitu kilichomo uwanjani kionekane. Kama ramani yake imesinyaa hivi, basi kuna kitu kingine, mbali sana, ambacho kompyuta inajitahidi kukionyesha.

Akatazama kona ya chini kulia. Palikuwa na doa. Angekuwa na haraka angelifuta kwa kitambaa akidhani ni uchafu wa skrini.

Alishikilia kitufe cha kuvuta ukurasa, akauburuta uwanja kuelekea huko. Weupe ulipita, mraba kwa mraba, kama anayevuka mbuga isiyo na mti. Alipofika akazungusha gurudumu la mausi kukuza. Kilikuwa kisanduku kimoja cha kijivu, chenye jina "Kusubiri Uhakiki wa Makazi." Mshale mmoja mwembamba uliingia ndani yake. Hakukuwa na mshale uliotoka.

Akabofya mara moja. Kulia, sifa zikafunguka: mashauri yaliyomo, sitini na moja. Kuhesabiwa kwenye ripoti, hapana. Jibu kwa mwananchi, "Linashughulikiwa." Akaufuata ule mshale kinyumenyume mpaka ulikoanzia, kwenye hatua ya kwanza kabisa, akakuta kanuni imefichwa nyuma ya fomu: mlalamikaji akiandikwa kwamba makazi yake ni boma, shauri lielekezwe huko.

Nyanzala alikuwa na nyumba ya tofali na bati, na alikuwa ameishi pale miaka kumi na tisa. Lakini mwakilishi wa kijiji akiona zizi la ng'ombe aliandika boma.

Marsela alifungua orodha ya sitini na moja. Malale. Manyanda. Doto. Akateremka mpaka 0417, akaisoma kwa mara ya kwanza nzima, zaidi ya namba. Njia ya ng'ombe kwenda mtoni, ya mita kumi, iliyokubaliwa na kijiji, imelimwa na kufungwa kwa miiba. Mlalamikiwa: Ponsian, mkulima.

Ponsian alikuwa baba yake mdogo. Ndiye aliyemlipia karo baada ya baba yake kufa.

Aliinua macho. Nyanzala alikuwa bado kwenye benchi, akimtazama bila kupepesa.

"Nenda kale chakula, mama," Marsela alisema, na sauti ilimtoka kavu kuliko alivyotaka. "Rudi saa nane."

"Nitakula nikipata jibu."

"Basi kaa."

Jambo moja lilikuwa limebaki, nalo lilikuwa nyuma ya kichupo ambacho hakuna aliyewahi kukifungua pale ofisini, cha historia ya matoleo. Kila ramani ikibadilishwa, mfumo huandika nani, siku gani, saa ngapi. Alishuka mpaka mwezi wa tatu. Toleo la kumi na nne, tarehe kumi na mbili, saa saba na robo mchana. Limebadilishwa na: Marsela.

Jina lake lilisimama pale, na picha yake ndogo ya kitambulisho pembeni, akiwa amenuna.

Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu alikuwa Majimoto, wanamzika bibi yake. Alikumbuka vizuri. Padri alikuwa anamaliza sala makaburini simu ilipotikisika, akajitenga nyuma ya migomba kuipokea. Hezron alikuwa na haraka: anahitaji neno la siri la Marsela aprinti ripoti, makao makuu wanamsubiri. Akampa kwa kunong'ona, herufi kwa herufi, huku wenzake wakitupa udongo.

Alinyanyuka akaenda chumbani kwa mratibu bila kugonga.

"Kaka Hezron, kisanduku cha makazi ni cha nani?"

Hezron hakuuliza kisanduku gani. Aliweka kalamu chini taratibu, na kwa hilo tu Marsela alijua.

"Funga mlango," alisema.

"Utabaki wazi."

"Sikia, dada. Hawa watu wanahama. Ukiwapangia kikao, wiki ijayo wako Uvinza. Shauri linakaa wazi mwaka mzima, asilimia yetu ya mashauri yaliyofungwa inashuka, Dodoma wananipigia kelele. Nimeyatenga tu, nikifuata daftari lako. Sijayafuta."

"Umeyatenga mahali ambapo hayatoki."

"Yatatoka yakihakikiwa."

"Nani anayahakiki?"

Hezron alijiegemeza nyuma, kiti kikalia. "Umeanza lini kuwapenda? Mimi nakujua. Ukiona Msukuma kaunta unakunja uso mpaka nakuonea huruma. Si wao waliomaliza mpunga wa mama yako?"

"Siwapendi."

"Basi rudi kwenye kiti chako."

"Umetumia jina langu."

"Jina lako umenipa mwenyewe, kwa mdomo wako. Kutoa neno la siri ni kosa, limeandikwa kwenye mkataba ukurasa wa nne. Ukilipeleka hili Dodoma, wataona nani amechora? Fundi wa mishale Mpanda nzima ni mmoja." Akatabasamu kidogo. "Na hiyo 0417, umesoma mlalamikiwa ni nani? Au nikusomee?"

Marsela aliona mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba mtu huyu alikuwa amelitunza jina la Ponsian kwa miezi saba, akisubiri siku kama hii, na kwamba alikuwa na hakika kabisa limetosha.

"Nimesoma," alisema, akarudi kwenye kiti chake.

Alijua kwamba Hezron akimaliza kufikiri atamfungia ruhusa ya kusanifu, na hilo lingechukua dakika chache tu. Alifungua rasimu mpya. Akaburuta mshale kutoka kisanduku cha kijivu, ulikataa kushika. Akajaribu tena, ukakatika katikati ya weupe, kwa sababu masafa yalikuwa makubwa na ukurasa haukusogea pamoja na mkono wake. Akatukana kwa Kipimbwe, taratibu. Kisha akakishika kisanduku chenyewe, akakikata, akarudi juu kushoto, akakibandika katikati ya ramani, hapo hapo kando ya hatua ya kupanga kikao. Sasa mshale ulikuwa wa sentimita mbili. Akauachia, ukashika.

Kanuni ya boma akaifuta. Jibu la "Linashughulikiwa" akalifuta. Akabofya kujaribu, na mfumo ukapitisha shauri moja la mfano kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama.

Kabla ya kuchapisha, mfumo huuliza maelezo ya toleo. Watu wote huliacha tupu lile dirisha. Marsela aliandika ndani yake kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akichapa barua za watu stendi: "Toleo la 14 lilitengenezwa tarehe 12 mwezi wa tatu kwa akaunti yangu. Siku hiyo nilikuwa Majimoto kwenye mazishi ya bibi yangu. Neno la siri nilimpa mratibu Hezron kwa simu. Hilo ni kosa langu. Mashauri 61 yamekaa miezi saba. Nayatoa leo."

Akasikia kiti cha Hezron kikisogezwa. Akabofya kuchapisha.

Mfumo ulifanya ulichotengenezewa. Mashauri sitini na moja yalitoka kwa pamoja na kuingia kwenye hatua ya kikao, na kwa kila moja ujumbe ulikwenda kwenye simu ya mlalamikaji, ya mlalamikiwa, na ya makao makuu. Kwenye benchi, simu ndogo ya Nyanzala ililia ndani ya mfuko wa plastiki. Aliifungua, akampa jirani yake amsomee. Chumbani kwa Hezron simu ya mezani ilianza kulia pia.

Hezron alitoka akiwa amekunja ngumi. "Umefanya nini? Umefanya nini, mshenzi wewe?"

"Nimechora mshale," alisema Marsela.

Hezron alimpokonya mausi mkononi kwa nguvu mpaka waya ukachomoka. Watu wa benchi wakasimama. Nyanzala alikuja mpaka kaunta akasimama kati yao, mrefu kuliko wote wawili, na Hezron akarudi chumbani kwake akabamiza mlango.

Marsela alitarajia labda yule mama atamwambia asante. Nyanzala alimgeukia.

"Kwa hiyo ilikuwa dakika ishirini," alisema. "Nimekuja hapa mara kumi na nne. Ng'ombe wangu wanne wamekufa wakizungushwa kutafuta maji. Kazi yenyewe ilikuwa dakika ishirini."

Akachukua karatasi yake akaenda stendi.

Mkurugenzi wa miradi, Evaline, alifika kutoka Dodoma baada ya siku tatu. Alimwita Marsela mbele ya Hezron, akasoma maelezo yale ya toleo kwa sauti, kisha akauliza jambo ambalo Marsela hakuwa amejiandaa nalo.

"Huyu mama alikuja mara kumi na nne kaunta kwako. Ni mara ya ngapi ulipoamua kutazama?"

"Ya kumi na nne, mheshimiwa."

"Kwa nini si ya pili?"

Marsela alipewa barua ya onyo kwa kutoa neno la siri. Hezron aliondolewa Mpanda, na ilipofika mwezi wa kumi na moja zikaja habari kwamba amepewa meza makao makuu, cheo kilekile. Wenzake Marsela waliobaki walikula chakula chao upande wa pili wa ua. Sasa kila badiliko la ramani lilihitaji watu wawili kuliidhinisha, na walimnyooshea Marsela kidole kwamba ndiye aliyewaongezea kazi.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Baba mdogo Ponsian alipigiwa na kijiji kwamba ameitwa kikaoni, na kabla jioni haijafika kila mtu Majimoto alijua ni mkono wa nani. Mama yake alimpigia mara moja.

"Aliyekusomesha," alisema.

"Mama, njia ilikuwa ya kijiji."

"Na mpunga wangu ulikuwa wa nani?"

Simu ikakatwa. Wiki nne Marsela alipiga bila kupokelewa.

Kikao kilifanyika chini ya bati la ofisi ya kata, na kwa desturi ya shirika yeye ndiye aliyeandika kumbukumbu. Ponsian alizungumza saa nzima akimpa mgongo. Nyanzala alizungumza dakika tano. Wazee wa pande zote mbili walikwenda shambani wakapima kwa kamba, na njia ikarudishwa mita nane badala ya kumi, jambo ambalo halikumfurahisha yeyote. Ponsian aling'oa miiba yake mwenyewe, akaitupa mmoja mmoja, kwa nguvu, kuelekea upande aliosimama Marsela.

Krismasi Marsela alikwenda nyumbani. Alipewa chakula sahani yake peke yake, akala, akaosha sahani, akarudi Mpanda kwa basi la kesho yake.

Mwishoni mwa Januari, mvua ikiwa imekaza, Ponsian aliingia ofisini Makanyagio, viatu vimejaa tope. Alitazama kaunta, akatazama viti vingine vyote. Vilikuwa vitupu, watu wako kwenye semina.

"Hakuna mwingine?" aliuliza.

"Leo niko peke yangu, baba mdogo. Shikamoo."

Hakuitikia. Alivuta kiti akaketi.

"Ng'ombe wa yule mwanamke wametoka kwenye njia. Wamekanyaga jaruba mbili. Andika."

Marsela alifungua fomu. Alimuuliza siku, mahali, mashahidi, na Ponsian akajibu kila swali akiangalia ukuta. Alipomaliza, Marsela alimsomea yote tangu mwanzo, na pale alipokosea jina la shahidi, Ponsian alimrekebisha kwa ukali. Akalisahihisha.

"Namba yako ni 0532. Ndani ya siku ishirini na moja utaitwa."

"Usije ukaliweka mahali."

"Sitaliweka mahali."

Ponsian alikunja karatasi yenye namba yake mara nne, akaitia mfuko wa shati, akatoka kwenye mvua bila kuaga. Marsela alituma shauri kwenye hatua inayofuata, akahakikisha limefika, kisha akamwita mtu aliyefuata kwenye benchi.